Gari Linapocheza Chakacha

Nyinyi mlio kwenye foleni ya Feri ya Likoni saa hizi mkitusikiliza kwa redio ya gari, poleni. Mlio mliousikia sasa hivi, ko, ko, ko, si mtu anayebisha mlango wa studio. Ni bolti. Nimekuja nayo mfukoni nimeifunga kitambaa kwa sababu ya grisi, nami naigonga mezani msije mkasema nawaletea hadithi za Abunuwasi. Nene kama kidole changu cha gumba. Ukiitazama kwa mbali ni nzima. Ukiipapasa kiunoni, kidole kinazama kidogo, mahali ilipokuwa ikisuguana na chuma mwenziwe kwa miezi. Mzamo wenyewe haufiki milimita mbili.

Mazungumzo ya leo ni juu ya milimita mbili hizo.

Majuzi rafiki yangu alinipitia twende Ukunda kuhani msiba. Ana Land Cruiser, ile ya muundo wa 80 iliyoanza kutoka viwandani mwaka 1990, na mapenzi yake kwa gari hilo mkewe ameshayazoea. Amelipandisha inchi mbili kwa springi ndefu, akalivisha tairi za inchi 33 zenye meno ya mamba. Likisimama Mama Ngina Drive chini ya mibuyu, vijana huomba kupiga picha nalo. Basi tukashuka Feri. Foleni mnaijua: hatua mbili, breki, hatua tatu, breki, muuza korosho dirishani. Kwa mwendo ule wa kobe gari lilikuwa na adabu zake. Tukaingia ferini, tukavuka, tukapanda ng'ambo ya Likoni, tukapenya katikati ya matatu na tuktuk, adabu ile ile. Niwaambie mapema: maradhi haya huyaoni Feri. Unavuka nayo yamelala.

Tulipoipita Ng'ombeni barabara ikafunguka. Mwenzangu akakanyaga mpaka kama kilomita 80 kwa saa. Kabla ya kufika Waa tairi la kushoto likagonga kiraka cha lami kilichotuna, kitu kidogo tu, matatu iliyotutangulia ilikipita bila hata kushtuka. Sisi, usukani ulimtoka mwenzangu mikononi. Sisemi ulitetemeka. Ulikuwa ukienda kushoto na kulia kwa kasi ambayo macho hayaifuati, dashibodi inagonga, milango inalia, kioo cha kati kikainama. Nilidhani gurudumu limechomoka. Lahaula! Mwenzangu akafanya ambalo kila mtu angelifanya, akakanyaga breki kwa nguvu, na gari likazidi.

Hapa nisimame kidogo, maana ikiwa kuna jambo moja tu la kulikumbuka ukifunga redio, ni hili. Gari likikushika hivyo, usikanyage breki kwa hasira na usipigane na usukani. Toa mguu kwenye mafuta. Shika usukani kwa vitanga, gumba likae nje ya duara, kwa sababu usukani ukirudi kwa kishindo unaweza kukutegua gumba. Liache gari lipoe mwendo lenyewe, ukisaidia kwa breki nyepesi, mpaka mtikisiko ukatike, ndipo utoke kando. Kwetu ulikatika tulipofika kama kilomita 40. Tukakaa ukingoni mwa barabara, hakuna aliyesema neno, mama mmoja aliyekuwa akiuza maembe akatuletea maji bila ya kuombwa.

Sasa, kitu hiki ni nini? Sisi Mombasa tuna ngoma yetu ya chakacha. Mjuzi wa chakacha mabega yake yametulia, uso umetulia, kinachosema ni kiuno peke yake. Chukua kiuno hicho ukiite ekseli ya mbele, umelipata gari la mwenzangu. Wala si mimi wa kwanza kulipa gari jina la ngoma. Miaka ya 1920 Ulaya na Marekani magari yaliposhikwa na tabia hii, waliiita shimi, kwa jina la dansi ya kutikisa mabega iliyokuwa ikivuma Marekani wakati huo. Wamarekani wa leo wenye Jeep wamelikosa hilo la ucheshi, wao huuita mtikisiko wa mauti.

Zamani hizo karibu kila gari lilikuwa na ekseli nzima mbele, chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu. Zilipokuja tairi pana za upepo mwepesi, na breki zikaanza kufungwa magurudumu ya mbele, maradhi yakaenea. Wahandisi wakahangaika nayo, na ni sababu mojawapo iliyowafanya, kufikia miaka ya 1930, waanze kuyatenganisha magurudumu ya mbele kila moja liwe na mikono yake. Gari lako dogo la kwendea kazini limejengwa hivyo. Hata Prado, tangu ile ya mwaka 1996, imejengwa hivyo. Kwa hiyo wewe mwenye Prado inayotetemeka ukifika 100, maradhi yako ni mengine, anza na balansi ya magurudumu.

Waliobaki na ekseli nzima ni wale wa kazi ngumu. Land Cruiser za muundo wa 70, zile pikapu za polisi na za mbuga zinazounganishwa papa hapa kwetu, kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, Miritini. Suzuki Jimny. Land Rover Defender, ya zamani, iliyokoma mwaka 2016. Nissan Patrol za kale na hizo Jeep. Na wana sababu. Ekseli nzima ni imara, na gurudumu moja likipanda jiwe, la pili linasukumwa chini likashike ardhi. Tazameni magari ya Rhino Charge, mashindano yaliyoanza mwaka 1989 kuchangia ulinzi wa vifaru na misitu ya Aberdare: kule unayaona yakipanda makorongo ambayo mbuzi hufikiri mara mbili. Basi tusiilaumu ekseli. Imefanyiwa kitu.

Ilichofanyiwa ni kupandishwa. Mtazame mwendesha bodaboda. Ile foki ya mbele haikusimama wima, imelazwa, kiungo cha juu kiko nyuma kuliko cha chini. Ulalo huo ndio unaolirudisha gurudumu katikati kila linapopotoka, ndio maana mtoto hodari huachia mikono ya baiskeli ikaenda sawa. Mafundi huuita kasta. Gari nalo lina kasta yake, kwenye Land Cruiser ile ni karibu digrii 3. Sasa ekseli imeshikwa na mikono miwili mirefu inayokwenda nyuma hadi kwenye chesi. Ukipandisha mwili wa gari, ncha za nyuma za mikono hiyo zinapanda nao, na kichwa cha ekseli kinainama mbele kama mzee aliyesinzia barazani. Hesabu ya mafundi ni kwamba kila inchi inakula digrii moja hivi. Umepandisha inchi mbili, umebaki na digrii moja. Gari halijui tena katikati ni wapi. Linatangatanga, usukani haurudi wenyewe ukitoka kwenye kona.

Lakini kasta peke yake haiangushi nyumba. Gari lenye kasta ndogo linachosha tu. Ili lipagawe kama lile la Waa, pahitajika mahali penye nafasi, mahali chuma kinapocheza. Kila kitu chenye uzito kikiunganishwa na kitu chenye kunepa kina mdundo wake, kama bembea. Bembea ya mtoto ukiisukuma kwa wakati wake, kidole kimoja kinatosha kuipaisha. Tairi la inchi 33 ni zito, likigonga kiraka likapotoka kushoto, viungo vilivyolegea vinaliachia lifike mbali kabla ya kulishika, likirudi linapita katikati, na barabara inayokimbia chini yake inalipiga teke jingine. Nguvu ya kutikisa inatoka kwenye mwendo wenyewe wa gari. Ndiyo maana haikatiki mpaka upunguze.

Turudi kwa mwenzangu. Kesho yake alikwenda duka moja la vipuri hapa kisiwani, sitalitaja. Wakamsikiliza dakika mbili, wakamuuzia shokabzoba ya usukani, ile inayomeza mitikisiko yake, mpya, nene, ya rangi ya kupendeza, kwa bei ambayo aliniomba nisiitangaze. Ikafungwa. Mtikisiko ukapotea. Mwenzangu akanipigia simu kwa furaha, nami nikamwambia alhamdulillahi, kwani mimi najua nini.

Siku kumi tu. Ulirudi pale pale kwenye barabara ya Ukunda, na mara hii ukiwa mbaya zaidi. Kwa sababu ile shokabzoba haikuponya kitu. Ilikuwa ni kufukiza udi nyumba yenye panya aliyekufa: harufu unaipunguza, panya yuko darini anaendelea na mambo yake.

Ndipo tulipokwenda kwa mzee mmoja mwenye gereji chini ya mwarobaini, si mbali na njia ya kushukia Feri. Hana mashine ya kompyuta, ana jeki mbili, sanduku la spana na mwanafunzi mmoja. Akakuta ile shokabzoba ya rangi, akaigusa kwa ncha ya kiatu.

"Mwanangu, hii umeiweka wewe au gari lilikuja nayo?"

"Niliuziwa, ami. Waliniambia itamaliza."

"Imemaliza pesa," akasema, akaifungua akaiweka pembeni. "Hii ikiwa imefungwa mimi sioni kitu. Na ondoa kazi nyingine kichwani, maana utakaa hapa mpaka alasiri."

Alichofanya baada ya hapo ndicho nilichokuja kuwasimulia, na hakina uchawi. Akalifunga gari breki ya mkono, akaweka mawe nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma, gia huru, injini inanguruma ili usukani uwe mwepesi. Magurudumu yote chini, hakuna jeki. Akamweka mwanafunzi kwenye usukani: zungusha robo kushoto, robo kulia, upesi upesi, usiache mpaka nikuambie. Yeye akatandika gunia akalala chini, akawa anashika kiungo kimoja baada ya kingine kwa kiganja. Haangalii tu, anashika. Kiungo kizima, vyuma viwili vinakwenda pamoja. Kilichokufa, kimoja kinaondoka kabla ya mwenziwe, na kiganja kinasikia tik. Ncha za tairodi, chuma kinachounganisha magurudumu mawili ya mbele, nzima. Kile chuma kinachotoka kwenye boksi ya usukani, kizima. Kisha akafika kwenye rodi ya Panhard.

Hii rodi ni chuma kirefu kilicholala upande hadi upande, ncha moja kwenye chesi, ya pili kwenye ekseli, kazi yake kuizuia ekseli isiende kando. Jina ni la kampuni ya magari ya Ufaransa. Ukiliinua gari, rodi inakuwa na mteremko mkali, na kila tuta unalopita linaisukuma ekseli pembeni zaidi kuliko ilivyokusudiwa, na mzigo wote wa msukumo huo unabebwa na bolti mbili. Mzee akatuita. Tukalala naye kwenye gunia, mimi na kanzu yangu. Mwanafunzi akizungusha kushoto, ncha ya rodi inaruka upande huu ndani ya mabano yake, kulia, inaruka upande wa pili. Tik, tik, tik.

"Spana mnazo nyumbani?" akauliza mzee. Mwenzangu akasema anazo. "Basi hii ingekazwa siku tatu baada ya kupandishwa gari, msingefika kwangu."

Bolti hii niliyokuja nayo haikukazwa sawasawa siku gari lilipopandishwa. Ikacheza, ikajila, na tundu la kwenye mabano likageuka yai. Na chumvi yetu hii ikasaidia. Sisi wa pwani tusisahau kwamba magari yetu yanashuka kwenye miteremko ya feri inayolowa maji ya bahari, na hewa yenyewe ni ya chumvi. Bolti ikishika kutu ukiipima kwa spana inakuambia nimekaza, kumbe inashikana na kutu, siyo na chuma.

Mtu mwingine angeishia hapo, kwa sababu mwizi amepatikana. Mzee hakuishia. Alisema mwizi wa namna hii haibi peke yake, gari likitikisika vile mara moja tu linavunja na viungo vilivyokuwa vizima. Sasa ndipo akapiga jeki. Akashika gurudumu juu na chini akalitikisa, likacheza kidogo. Hapo kuna kipimo kizuri sana, mkishike: mchezo huo ni wa beringi za gurudumu au ni wa kingipini, ule mhimili ambao gurudumu hugeukia? Akamwambia mwanafunzi akanyage breki, akatikisa tena. Mchezo ukifa breki ikiwa imekanyagwa, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni kingipini. Ulibaki.

Kwenye Land Cruiser kingipini inakaa juu ya beringi mbili, zimezikwa ndani ya grisi, na ukazaji wake hupangwa kwa vipande vyembamba vya bati. Kitabu cha kiwanda kinataka upime kwa mizani ya kuvuta: fungua tairodi, tia ndoano kwenye mkono wa gurudumu, vuta, soma uzito linapoanza kugeuka. Mzee akaenda kwenye sanduku akatoa mizani ya samaki. Ile ile ya ndoano wanayopimia changu na tasi soko la samaki Mji wa Kale. Akavuta, akasoma, akatikisa kichwa. Beringi mpya, bati moja likatolewa, akavuta tena mpaka akaridhika. Mimi nimeona mashine za alaimenti zenye skrini tatu ambazo hazikupima kitu hicho hata kidogo.

Mabano yenye tundu la yai yalijazwa kwa kulehemu yakatobolewa upya, kipimo cha bolti mpya. Bushi mpya za rodi. Na bolti zikakazwa gari likiwa limesimama kwa miguu yake, siyo likining'inia kwenye jeki, kwa sababu bushi ya mpira ukiikaza gari likining'inia, likishuka inabaki imesokotwa maisha yake yote na haifiki mwaka. Mikono mirefu ikawekewa bushi zenye tundu la upande kurudisha ile kasta. Mwenzangu akauliza kama angeongeza ziada kidogo kwa usalama. Mzee akakataa: kasta ikizidi nayo inaleta mtikisiko, na usukani unakuwa mzito. Waulizeni wenye toroli za supamaketi, lile gurudumu la mbele linaloburutwa nyuma ya mhimili wake nalo hupepea ukienda mbio.

Tairi zikapelekwa kwenye balansi mwisho wa yote. Ni kinyume cha kawaida, maana wengi wetu huanza na tairi. Si kosa kuanza nazo ikiwa mtetemo unakuja kila ukifika mwendo fulani hata kwenye lami laini, hapo zigeuze, za mbele nyuma, uone kama tabia inahama. Lakini mtikisiko unaosubiri shimo au kiraka ndipo uamke ni wa viungo. Tairi inaweza kuupa cheche, kuni ziko kwingine.

Kulijaribu gari, mzee alisisitiza liende bila ya shokabzoba ya usukani kabisa. Alfajiri, barabara ya Dongo Kundu, hakuna mtu nyuma yetu, mwendo ukipandishwa taratibu, 50, 60, 70. Tukapita viungio vya daraja la Mteza, du-dum, du-dum. Mwenzangu alikuwa ameshika usukani kama mtu aliyeshika nyoka. Kwenye 80 akalegeza vidole. Hakuna kitu. Mzee, aliyekaa nyuma na kofia yake, akasema gari likipita hivi bila dawa ndiyo limepona, na aliporudi akaifunga shokabzoba ya asili, siyo ile ya rangi.

Ile ya rangi ipo, inauzwa. Mwenye kuitaka asinipigie mimi.

Usukani, wasikilizaji, ni neno tulilolitoa majahazini kabla ya gari lolote kushushwa Kilindini, na hakuna nahodha wa Bandari ya Kale aliyeng'oa nanga kabla ya kuushika na kusikia kama unacheza. Wenye magari ya kupandishwa, Jumamosi hii kabla ya kushuka Feri, mtafute mtu mmoja wa kuzungusha usukani robo kushoto na robo kulia, nawe ulale chini ushike viungo kwa kiganja chako mwenyewe, uanze na rodi ya Panhard. Chukueni gunia la kutandika. Lami saa saba mchana inachoma mgongo.